Nimefufua Honda ya zamani, nimepata hasara ya 3,000: usitaje bei kabla ya kufungua injini

Leo nawaletea hesabu yangu mwenyewe, hata ile inayoniaibisha.

Nina kiduka cha spea za pikipiki hapa Morogoro, na pembeni nafanya ufundi. Niliishia kidato cha nne, ufundi nimejifunza kwa kufungua na kufunga. Mwaka jana alikuja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, anasukuma Honda CG125 ya zamani. Kiki haishuki, injini imekwama kabisa.

"Mwanangu, kila fundi ananiambia niitoe hii injini niweke ya bodaboda. Mimi sitaki. Namba iliyo kwenye injini ndiyo iliyo kwenye kadi."

Mzee alikuwa sahihi. Ukibadilisha injini nzima, namba na kadi haviendani tena, na hapo unaanza safari nyingine ya kufuatilia kadi. Nikamjibu haraka: "Mzee, nipe 280,000 kila kitu." Yaani sijafungua hata nati moja! Hapo ndipo nilipoumia.

Kichwani nilijiamini kwa sababu spea za CG nazijua. Honda walianza kuitoa miaka ya 1970, na injini yake haina cheni ya taimingi, valvu zinasukumwa na pushirodi. Wachina waliiga injini hiyo hiyo, ndiyo maana pikipiki nyingi za Kichina zenye pushirodi zinashirikiana nayo spea. Bloku ikiwa mpya, tundu lake ni milimita 56.5.

Nikapanda basi hadi Kariakoo, nikanunua pistoni saizi ya kawaida, 35,000. Narudi, nafungua bloku, nakwangua masizi juu ya pistoni ya zamani. Kumbe imegongwa 0.50! Bloku ilishachongwa zamani. Pistoni yangu ikawa inacheza ndani kama mchi kwenye kinu. Dukani nako risiti imeandikwa mali ikiuzwa hairudi. Na hela ile ilikuwa ya kuongezea mzigo wa oili na tairi.

Ikabidi nirudi Dar tena, safari hii na bloku kwenye begi. Mchongaji akapima, akasema 0.75 haitoshi, imelika sana, twende 1.00. Akaniambia nilete pistoni kwanza ndipo achonge, maana bloku inachongwa kufuata pistoni.

Hesabu yote hii hapa:
- Pistoni niliyokosea: 35,000
- Pistoni na ringi za 1.00: 40,000
- Kuchonga bloku: 30,000
- Beringi na oili sili: 60,000
- Valvu na kuzisaga: 35,000
- Gasketi: 15,000
- Vifaa vya kabureta: 20,000
- Nauli safari mbili: 48,000

Jumla 283,000. Wiki tatu za kazi, nimetoa 3,000 mfukoni kwangu. Bila kosa la pistoni na safari ya pili, ningebaki na 56,000.

Siku ya kuiwasha mzee alipiga kiki mara mbili, ikaitika. Hakusema kitu, alisimama tu anaisikiliza. Akanilipa 280,000 yangu. Sikuomba nyongeza, bei niliitaja mwenyewe.

Sasa hivi nafanya hivi:

1. Natoza 20,000 ya kufungua injini na kupima. Bei ya kazi naitaja baada ya hapo.

2. Nasoma namba juu ya pistoni ya zamani na kupima bloku kabla ya kupanda basi. Sampuli naibeba mkononi.

3. Kasha la injini lenye namba silibadilishi. Nabadilisha vya ndani.

4. Spea mteja analipia mwanzo, naandika kwenye daftari, anasaini. Mtaji wa duka hauguswi.

5. Nikimkabidhi, namwambia kilomita 500 za mwanzo aende taratibu na amwage oili mapema. Akiiua kwa mwendo, lawama zinarudi dukani kwangu.

Mzee bado anapita na Honda yake, na ameshaniletea wateja wawili. Hao wote walilipia kufungua kwanza.

Na wewe, ni kazi gani uliitajia bei kabla ya kuiona vizuri?