Je, Wajua? Bogoro, Bunia na Milango ya Majarida

Wanasheria wa Ulaya, Marekani na Afrika wameandika kuhusu Bogoro. Mwanafunzi wa Bunia anayetaka kuwasoma hufungua ukurasa, anaona kichwa cha makala, anaona mistari michache, kisha anaona bei. Safari hii tunaitazama bei hiyo, pamoja na njia halali za kusoma bila kuilipa.

JE, WAJUA kwamba Bogoro, kilomita zipatazo 25 kutoka Bunia kwenye barabara ya Kasenyi na Ziwa Albert, ni kiini cha mojawapo ya kesi za mwanzo kabisa za Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, yaani CPI? Shambulio la tarehe 24 Februari 2003 ndilo lililowafikisha Germain Katanga na Mathieu Ngudjolo Chui mbele ya majaji wa La Haye. Ngudjolo aliachiwa huru tarehe 18 Desemba 2012. Katanga alitiwa hatiani tarehe 7 Machi 2014, akapewa kifungo cha miaka 12.

…kwamba hukumu yenyewe haiuzwi? Iko kwenye tovuti ya mahakama, bure kwa kila mtu. Ukikutana na namba ICC-01/04-01/07-3436, isome hivi: 01/04 ni hali ya kwanza ya mwaka 2004, yaani Kongo, 01/07 ni kesi ya kwanza ya mwaka 2007, yaani ya Katanga, 3436 ni namba ya hati ndani ya jalada. Tena iliandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo mwanafunzi wa Bunia anasomea.

…kwamba kinachouzwa ni mjadala juu ya hukumu? Novemba 2012, ushahidi ukiwa umeshasikilizwa, majaji wawili kati ya watatu waliamua kubadili namna ambavyo Katanga angeweza kuwajibika kisheria, kwa kutumia Kanuni ya 55 ya mahakama hiyo. Jaji Christine Van den Wyngaert alipinga. Wasomi wakagawanyika: je, ni haki mshtakiwa kubadilishiwa uwanja akiwa ameshajitetea? Mabishano hayo utayakuta katika majarida kama Journal of International Criminal Justice la Oxford University Press na International Criminal Law Review la Brill.

…kwamba makala moja mara nyingi huuzwa kati ya dola 30 na 50 kwa asiye na usajili? Tarehe 24 Machi 2017, CPI iliamuru kila mmoja wa waathirika 297 waliotambuliwa katika kesi ya Katanga alipwe fidia ya ishara ya dola 250. Kwa bei ya dola 40, fidia hiyo yote inatosha makala 6 tu.

…kwamba mwandishi wa makala kwa kawaida hapati hata senti katika pesa hiyo? Wataalamu wanaoipitia kabla haijachapishwa nao kwa kawaida hawalipwi. Bei ni ya mchapishaji.

…kwamba biashara hii ya majarida ina zaidi ya miaka 350? Journal des sçavans lilitoka Paris Januari 1665, na Philosophical Transactions likafuata London Machi mwaka huohuo. Hilo la London linatoka hadi leo.

…kwamba ikisiri, ile mistari michache ya bure, si makala? Ikisiri ni harufu ya sombe. Chakula chenyewe kiko kwenye nakala kamili. Njia ya utafiti, majedwali, mipaka ya matokeo na orodha ya marejeo havimo kwenye ikisiri. Anayeandika TFC, kazi yake ya kumaliza masomo, kwa kunukuu ikisiri peke yake anakiri mbele ya jopo kwamba makala hakuisoma.

…kwamba chuo kinapolipia jarida, mchapishaji hamtambui mwanafunzi kwa jina? Anatambua anwani ya IP ya mtandao wa chuo. Ndiyo maana makala inayofunguka ukiwa kwenye wifi ya maktaba inakataa ukiwa nyumbani na mega zako za Airtel au Vodacom. Vyuo vingi hutatua hilo kwa programu inayompitisha mwanafunzi kwenye seva ya chuo baada ya kuweka jina na neno la siri. Maarufu kati ya programu hizo ni EZproxy, iliyotengenezwa mwaka 1999.

…kwamba maktaba hununua kwa kuungana? Kenya wana KLISC, Tanzania wana COTUL na Uganda wana CUUL: miungano ya maktaba za vyuo inayokabiliana na wachapishaji kwa sauti moja, badala ya kila chuo kwenda kubembeleza peke yake.

…kwamba kuna mpango uliotengenezwa hasa kwa ajili ya nchi kama Kongo? Unaitwa Research4Life. Ulianza mwaka 2002 na Hinari, kwa masuala ya afya, chini ya Shirika la Afya Duniani. AGORA ya kilimo ikafuata 2003 chini ya FAO, OARE ya mazingira 2006, ARDI ya teknolojia na ubunifu 2009, na GOALI ya sheria na haki 2018 chini ya Shirika la Kazi Duniani.

…kwamba Kongo iko Kundi A la mpango huo? Maana yake ni bure kwa taasisi. Taasisi ya nchi ya Kundi B hutozwa dola 1,500 kwa mwaka.

…kwamba hata ukijaza fomu usiku kucha, wewe binafsi hutakubaliwa? Anayejiandikisha ni taasisi, kupitia mkutubi au mkuu wake. Ikishakubaliwa, inapewa funguo za kuingilia, nayo inawagawia watu wake. Vyuo vikuu vinahusika, lakini pia hospitali za mafunzo, vituo vya utafiti, ofisi za serikali na mashirika ya kiraia ya nchini. Kwa hiyo mlango hauko kwa Chuo Kikuu cha Bunia na Chuo Kikuu cha Shalom peke yao. Shirika linalotetea waathirika wa Bogoro nalo lina haki ya kuomba.

…kwamba kwa mtafiti wa kesi ya Bogoro, GOALI ndiyo ya kuulizia kwanza? Brill ni miongoni mwa wabia wake, pamoja na maktaba ya sheria ya Yale na maktaba ya Cornell. Ukisikia chuo chako kina Hinari, usiishie hapo. Uliza kama na sheria imo.

…kwamba moja ya tafiti kubwa za Ebola duniani ina jina la Kiswahili? Ni PALM, yaani Pamoja Tulinde Maisha. Ilianza Novemba 2018, wakati mlipuko wa Kivu ya Kaskazini na Ituri ukiendelea, ikahusisha wagonjwa 681 na dawa nne. Matokeo yalitoka katika New England Journal of Medicine mwaka 2019. Ndani ya siku 28, vifo vilikuwa asilimia 49.7 kwa waliopewa ZMapp na 53.1 kwa remdesivir, lakini 35.1 kwa MAb114 na 33.5 kwa REGN-EB3. Mwandishi wa kwanza ni Mkongomani, Sabue Mulangu. Na Profesa Jean-Jacques Muyembe-Tamfum yumo kati ya waandishi.

…kwamba makala hiyo ina kitambulisho chake? Ni 10.1056/NEJMoa1910993. Kitambulisho cha aina hii huitwa DOI, na kila kimoja huanza na 10. Andika doi.org/ kisha ubandike namba hiyo, na utafika kwenye ukurasa wa makala hata kama mchapishaji amehamisha tovuti. Kwenye daftari lako andika DOI kabla ya kitu kingine chochote. Viungo virefu hufa, hiyo hubaki.

…kwamba JSTOR, maktaba ya majarida iliyoanzishwa mwaka 1995, humruhusu mtu mwenye akaunti ya bure kusoma hadi makala 100 kwa mwezi kwenye skrini? Kusoma tu, kupakua ni habari nyingine. Fahamu pia kwamba majarida mengi humo huwa nyuma kwa miaka 3 hadi 5, kwa matakwa ya wachapishaji.

…kwamba Google Scholar, iliyofunguliwa Novemba 2004, hukusanya matoleo mbalimbali ya makala ileile? Chini ya majibu mengi pana kiungo cha matoleo. Kibofye. Toleo la mchapishaji linaweza kuwa la kulipia, huku toleo ambalo mwandishi aliliweka kwenye hifadhi ya chuo chake likiwa wazi.

…kwamba kwa msomaji wa Kifaransa kuna akiba ambayo wenzetu wa Kampala na Nairobi mara nyingi hawaigusi? HAL ni hifadhi ya wazi ya watafiti wa Ufaransa, Persée imeweka wazi majarida ya zamani, na OpenEdition ina majarida mengi ya sayansi za jamii yasiyolipiwa. Kwa majarida ya Afrika yenyewe, pitia African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998 na ambayo makao yake yako Afrika Kusini.

…kwamba kumwandikia mwandishi kumwomba nakala si kuombaomba? Ni desturi ya kawaida ya wasomi, na wachapishaji wengi huruhusu mwandishi kumtumia msomaji mmoja mmoja. Barua iwe fupi: wewe ni nani, unasoma wapi, unataka makala gani, kwa kazi gani. Weka DOI.

…kwamba anayetoka Bogoro kwenda Bunia kusoma anaokoa mega na muda akipanga mapema? Aende na orodha ya DOI na flashi. Akifika kwenye mtandao wa maktaba apakue PDF zote kwanza, kisha akazisome nyumbani, hata simu ikiwa haina mtandao.

…kwamba fidia ya mwaka 2017 haikuwa ya dola 250 peke yake? Mahakama iliamuru pia misaada ya pamoja: makazi, shughuli za kuleta kipato, msaada wa kisaikolojia, na elimu. Mtoto aliyesaidiwa kusoma anaweza siku moja kutaka kujua walichoandika wasomi kuhusu kijiji chao. Atakipata au atakikosa kutegemea kama taasisi yake ilijaza fomu. Basi kesho ukifika maktabani, kabla ya kuomba kitabu, muulize mkutubi: sisi tumejiandikisha Research4Life? Akijibu bado, mwulize ni nani anayepaswa kutia saini, na ofisi yake iko wapi.