Gari inazimika njiani? Tafuta ugonjwa kwanza, nunua piese nyuma



Siku moja ya soko, gari ya zamani ya familia moja ya koperative ilitoka Shasha na maharagi na ndizi, kuelekea Goma. Mbele ya kufika Sake ikazimika. Wakangoja kidogo, ikawaka. Ikaenda, ikazimika tena. Walipofika, wanunuzi wa asubuhi walikuwa wamekwisha kwenda, na ndizi ziliuzwa kwa bei ya hasara. Fundi akabadilisha pompi ya mafuta. Wiki iliyofuata, mambo yakawa yale yale.

Ugonjwa haukuwa kwenye pompi. Ulikuwa kwenye kifuniko cha tanki. Mafuta yakitoka kwenye tanki, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Katundu kadogo ka hewa kalikuwa kameziba na matope. Pompi ilivuta paka ikashindwa. Gari ikisimama, hewa inaingia pole pole, motere inawaka tena. Familia ililipa pompi mpya bure.

Gari ya namna hii ni kama mtu mwenye homa inayokuja na kuondoka: siku ya kufika kwa muganga, mgonjwa anacheka. Fundi akiiwasha, inanguruma vizuri. Basi atabahatisha, na wewe utalipa. Ndiyo sababu tunawaomba: muweke kakaye kadogo ndani ya gari, na kila mara ikizimika, muandike mambo haya:

- Motere ilikuwa baridi ama ya moto?
- Ilikuwa inapanda mlima, kama ule wa Sake kwenda Mushaki, ama ilikuwa kwenye tambarare?
- Ilikohoa kwanza, ama ilikatika mara moja kama taa?
- Tanki ilikuwa na mafuta kiasi gani, na yalinunuliwa wapi?
- Mvua ilikuwa imenyesha?
- Ilichukua dakika ngapi mbele ya kuwaka tena?

Majibu yatawaonyesha njia.

Ikikohoa na kukosa nguvu, tafuta kwenye mafuta

Wengi wetu tunanunua mafuta kwa wale tunaoita Kadafi, kwenye bido na chupa. Si ubaya, lakini bido linaweza kuwa na maji ama uchafu. Maji ni mazito kupita esansi na mazutu, kwa hiyo yanakaa chini. Tia mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo safi, uiache itulie: ukiona mstari chini, kuko maji. Chuja mafuta kwa kitambaa safi, lakini ujue kwamba kitambaa kinazuia uchafu, hakizuii maji yote.

Gari ikizimika, fungua kifuniko cha tanki pole pole. Ukisikia inavuta hewa kwa nguvu, na kisha motere inawaka bila shida, safisha kifuniko ama ukibadilishe. Kisha angalia filtri ya mafuta. Filtri iliyojaa uchafu inapitisha mafuta ya kutosha kwenye tambarare, lakini mlimani, ambapo motere inaomba mengi, inashindwa.

Kwa gari ya mazutu, angalia pia mipira ya mafuta. Mpira uliopasuka kidogo unaweza kuingiza hewa hata kama hauvuji. Filtri nyingi za mazutu ziko na sehemu ya chini ya kutoa maji: muombe fundi awaonyeshe.

Ikikatika mara moja, tafuta kwenye umeme

Gari ikizimika, acha ufunguo mahali pake na uangalie taa ndogo za mbele ya shofere. Kwa kawaida ile ya batri na ile ya mafuta ya motere zinawaka. Kama hakuna inayowaka, umeme haufiki. Zima gari, shika vichwa vya batri: vikicheza, vikaze. Vikiwa na unga mweupe ama wa kijani, ondoa waya wa kutoa kwanza, safisha kwa maji ya moto na burashi, kausha, kisha urudishe, waya ule ukiwa wa mwisho.

Gari ya esansi ikizimika ikiwa ya moto tu, na ikawaka baada ya kupoa kwa nusu saa, muambie fundi apime bobini ingali ya moto. Ikiwa baridi inaweza kuonekana nzima. Gari ya mazutu haina bujie za esansi, lakini nyingi ziko na waya mdogo unaofungua mafuta kwenye pompi. Waya huo ukilegea, motere inakatika.

Usalama kwanza

Motere ikizimika mlimani, usukani na breki vinaweza kuwa vigumu. Usiogope: kanyaga breki kwa nguvu bila kuachia achia, peleka gari pembeni, vuta breki ya mkono, weka jiwe nyuma ya gurudumu. Watu washuke upande ulio mbali na barabara. Usivute sigara wala kutumia mshumaa karibu na mafuta. Usifungue maji ya radiatere ingali ya moto. Na mpaka ugonjwa ujulikane, usibebe watu kwenye gari hiyo usiku: kukwama gizani ni hatari kupita hasara ya ndizi.

Shauri letu la mwisho: anza na vitu vya bei ndogo. Kifuniko, filtri, mipira na vichwa vya batri vinaangaliwa kwa asubuhi moja. Ukimpelekea fundi gari, mpelekee na kakaye kako. Fundi mzuri atafurahi, na piese utakayonunua itakuwa ile inayohitajika.