Grace Gifford

Grace Evelyn Gifford Plunkett (4 Machi 1888 – 13 Desemba 1955) alikuwa mchora katuni na mwanaharakati wa uhuru wa Ireland. Anajulikana zaidi kwa sababu ya ndoa yake na Joseph Plunkett, iliyofungwa gerezani saa chache kabla mumewe hajauawa. Sifa hiyo imefunika kazi yake ya uchoraji, ingawa ndiyo aliyoianza kabla ya ndoa na kuiendeleza kwa miaka mingi baadaye.

Maisha ya awali

Gifford alizaliwa Rathmines, Dublin, katika familia ya watoto 12. Baba yake alikuwa wakili Mkatoliki na mama yake Mprotestanti. Watoto walilelewa katika Uprotestanti. Alisoma sanaa mjini Dublin chini ya mchoraji William Orpen, aliyetambua kipaji chake cha kuchora watu kwa mzaha na pia akachora picha yake. Mwaka 1907 alikwenda kusoma katika shule ya sanaa ya Slade, London.

Aliporudi nyumbani alijaribu kuishi kwa kuuza katuni magazetini. Aliwachora waandishi, waigizaji na wanasiasa wa Dublin kwa mistari michache tu, lakini aliyechorwa alitambulika mara moja. Malipo yalikuwa madogo na hayakutosha kumpatia riziki.

Ndoa

Grace na Joseph Plunkett, mshairi na mhariri wa jarida la The Irish Review, walichumbiana mwaka 1915. Mwezi Aprili 1916 Grace alipokewa katika Kanisa Katoliki. Walikusudia kufunga ndoa siku ya Pasaka, tarehe 23 Aprili, lakini harusi haikufanyika. Kesho yake ulianza Uasi wa Pasaka dhidi ya utawala wa Uingereza, na Plunkett alikuwa mmoja wa viongozi wake.

Baada ya uasi kushindwa, Plunkett alihukumiwa kifo. Usiku wa tarehe 3 Mei wawili hao walifungishwa ndoa katika kanisa dogo la gereza la Kilmainham, askari wakiwa mashahidi. Baadaye waliruhusiwa kuonana kwa dakika kumi, mbele ya walinzi. Alfajiri ya tarehe 4 Mei Plunkett alipigwa risasi. Siku iliyotangulia, Thomas MacDonagh, mume wa Muriel, dada yake Grace, alikuwa ameuawa vivyo hivyo.

Siasa na kifungo

Mwaka 1917 alichaguliwa kuingia katika kamati kuu ya chama cha Sinn Féin, akakitumikia pia kwa michoro yake. Alipinga mkataba wa mwaka 1921 kati ya Uingereza na Ireland. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Februari 1923, alikamatwa na serikali mpya ya Ireland akafungwa Kilmainham, gereza lilelile alimoolewa. Aliachiliwa mwezi Mei.

Akiwa ndani alichora ukutani mwa chumba chake picha ya Bikira Maria akiwa na Mtoto Yesu.

Miaka ya baadaye

Baada ya kutoka gerezani hakuwa na makazi ya kudumu, akihama kutoka chumba kimoja cha kupanga hadi kingine. Plunkett alikuwa ameandika wosia wa kumwachia mali yake yote, lakini wosia huo ulikuwa na shahidi mmoja tu, hivyo haukuwa na nguvu kisheria. Mwaka 1932 serikali ya Éamon de Valera ilimpa pensheni. Mwaka 1934 aliwashtaki wakwe zake kuhusu urithi, na shauri likamalizika nje ya mahakama kwa yeye kulipwa pauni 700.

Kazi zake bora za kipindi hicho ni katuni za waigizaji wa Abbey Theatre, zilizotolewa kama vitabu mnamo 1929 na 1930.

Alifariki Dublin na kuzikwa katika makaburi ya Glasnevin kwa heshima za kijeshi. Mwaka 1985 Frank na Seán O'Meara walitunga wimbo "Grace" kuhusu ndoa yake. Gereza la Kilmainham sasa ni makumbusho. Mchoro wake wa ukutani ulikuwa umefifia sana, ukapakwa rangi upya na msanii mwingine wakati jengo lilipokarabatiwa miaka ya 1960.