Ufundi na Fani Nyingine

Wenzangu wa kidato cha nne, nimechoka kusikia ati aendaye kusomea ufundi hana haja tena na historia wala Kiswahili. Hebu ngojeni.

Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kilianza kwa jina la MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu. Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora walikichangia, na wanafunzi wa kwanza wakaingia 1951. Mwaka 1966 kikawa taasisi ya ufundi, 1972 kikawa politekniki, na 2013 kikapata hati ya chuo kikuu. Leo humo humo, kando ya karakana, mna skuli nzima ya fani za kibinadamu na sayansi ya jamii.

Ya nini? Sisi watu wa Langoni jibu tunalo mlangoni. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba mradi wa bandari ya Lamu ulivunja haki za wavuvi, zikiwemo haki ya kupewa habari na haki ya utamaduni, ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.76. Kuchimba bandari ni hesabu, sawa. Lakini kujua mvuvi hupita wapi msimu wa kusi, na kumuuliza kwa lugha aielewayo, hilo hesabu haina.