Kabla hujafunga mashine ya kujiundia nyuma ya trekta

Je msomaji, umewahi kununua ploti kule Ruiru au Kitengela, ukashangilia kupata hatimiliki, kisha ukagundua kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza? Bomba la maji liko kando ya barabara na nyumba yako iko mita 30 ndani. Katikati pana visiki vitatu vya mikaratusi ambavyo mwenye shamba wa awali alivikata akaviacha, na kila mvua ikinyesha vinachipuka upya kana kwamba vinakucheka. Unawaita vibarua na sururu zao. Siku ya kwanza inapita, ya pili inapita, na zile fedha ulizoweka za karo zinaanza kumegwa.

Hapo ndipo kijana wako, aliyemaliza kidato cha nne na sasa anasomea ufundi wa mitambo, anapokuambia: "Baba, ile trekta ndogo ya mjomba yaweza kuifanya kazi hii. Tuunde kifaa cha kufunga nyuma yake. Vyuma vipo Gikomba na Kariobangi, na mafundi wa kuchomelea ni tele."

Usimcheke kijana huyo, wala usikimbilie kumpa fedha. Keti naye Jumapili hii mlisome jambo hili pamoja. Wazo lake ni zuri, lakini ni wazo lenye meno.

ILIVYOANZA

Mashine hizi hazikuzaliwa katika viwanda vikubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika mji mdogo wa Perry, jimbo la Oklahoma nchini Marekani, kijana aliyeitwa Ed Malzahn aliwatazama mafundi wa mabomba wakihangaika kuchimba mtaro kwa sururu na koleo. Akashirikiana na babake katika karakana ya familia, ambayo chanzo chake kilikuwa uhunzi wa babu yake. Mwaka 1949 wakatoa mashine ndogo yenye ndoo za meno zilizozunguka na kuchota udongo. Mashine hizo zikaja kuitwa Ditch Witch, yaani "mchawi wa mitaro". Naye Gary Vermeer, mkulima wa Pella, Iowa, alianzisha kampuni yake mwaka 1948, na katika miaka ya 1950 ikaanza kuunda mashine za kusaga visiki.

Kwa hivyo kijana wako ana ndugu zake wa fikira. Tofauti ni kwamba wenzake waliunda, wakavunja, wakaunda tena, hadi wakajua ni wapi chuma husaliti.

HESABU YA MTARO

Wewe mwanafunzi, chukua kalamu. Mtaro wa bomba una urefu wa mita 30 na kina cha sentimita 60. Kibarua hawezi kuchimba bila nafasi ya kusimama, hivyo mtaro wake huwa na upana wa sentimita 45 hivi. Zidisha: ni mita 8.1 za ujazo. Mashine haihitaji mahali pa kuweka miguu. Upana wa sentimita 15 unaitosha, na udongo unakuwa mita 2.7 za ujazo tu. Udongo umepungua mara tatu hata kabla injini haijawashwa!

Kifaa chenyewe ni mkono wa chuma uliozungukwa na mnyororo mzito wenye meno, mfano wa msumeno wa kukatia miti. Nguvu hutoka kwenye shafti ya nyuma ya trekta ambayo mafundi huiita PTO. Mafundi wengi wa kujiundia hutumia difu kuukuu ya pikapu ili kugeuza mzunguko wa shafti uelekee pembeni. Lakini gia za ndani za difu lazima zifungwe zisitofautiane. La sivyo nguvu yote itakimbilia upande usio na kazi.

Kosa la kwanza ambalo wengi hufanya ni kusahau mwendo. Trekta inayotambaa kilomita moja kwa saa huenda karibu mita 17 kwa dakika. Mnyororo wa kuchimba unataka mita moja au mbili tu. Ukiusukuma kwa kasi ya trekta, ama injini itazimika ama mnyororo utakatika. Ndiyo maana wajuzi hutafuta trekta yenye gia ya kutambaa, au huiacha gia huru na kuivuta trekta polepole kwa winchi iliyofungwa kwenye nguzo imara.

Kosa la pili ni kutumia mnyororo wa pikipiki. Huo uliundwa kuzungusha gurudumu, haukuundwa kupigana na mawe. Kosa la tatu ni la kuchomelea. Springi kuukuu za lori hutoa meno makali, lakini chuma hicho kikichomelewa kikiwa baridi hupasuka kimyakimya pembeni mwa mshono. Kipashwe moto kwanza na kiachwe kipoe taratibu, au afadhali meno yafungwe kwa bolti ili yabadilishwe yakiisha makali.

KISIKI NI ADUI MWINGINE

Mashine ya kisiki haing'oi, bali husaga. Sahani nene ya chuma yenye meno magumu huzunguka na kuyoyomoa mti kidogo kidogo, ikipitishwa kushoto na kulia, mpaka sentimita 20 au zaidi chini ya ardhi. Kisha unafukia.

Sahani ya upana wa sentimita 50 na unene wa milimita 25 ina uzito wa karibu kilo 38. PTO ya kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Kwa mwendo huo ukingo wa sahani unakimbia kilomita 50 kwa saa, kama matatu mjini. Jino likichomoka, au likigonga jiwe, kinachoruka ni risasi. Kwa sababu hiyo sahani haikatwi kwa macho. Hupelekwa kwa fundi wa mashine ya kukerezea isawazishwe, na hufunikwa kwa kifuniko cha chuma kila upande usiokata. Watoto na majirani wakae mbali, angalau mita 20.

BOLTI YA SHILINGI CHACHE

Kila kifaa cha namna hii huwa na bolti moja laini inayokatika makusudi mashine inapokwama. Ikikatika mara tatu kwa siku moja, kijana hukasirika akaweka ya chuma kigumu. Siku hiyo hiyo kitakachokatika ni giaboksi ya mjomba, au shafti itakayozunguka ikiwa imevunjika. Mwambie mwanao kwamba bolti ile ndiyo mlinzi wa kila mtu aliyesimama pale.

Kuhusu shafti yenyewe, hebu rudia hesabu: mizunguko 9 kwa sekunde. Mkono mrefu wa shati au ncha ya leso ikinaswa, mwenyewe hana muda hata wa kupiga kelele. Shafti isiyo na kifuniko isiwashwe kamwe. Na mtu asiisogelee mashine kuondoa mzizi kabla ya kuzima injini, kutoa ufunguo na kungoja sahani isimame kabisa, maana huendelea kuzunguka hata baada ya injini kunyamaza.

Kabla ya kuchimba, waulize watu wa maji na wa umeme kama kuna chochote kimezikwa hapo. Mtaro ukizidi kina cha mita 1.5, asiingie mtu bila mbao za kuzuia kuta. Na kama ploti yako ni ya udongo mweusi wa Kitengela, ngoja mvua ipite, kwa maana udongo huo ukilowa hugandamana na meno yote.

Mzazi, uamuzi sasa ni wako. Kama kijana ataanza na mtaro, akamtafuta fundi mzoefu wa kumwongoza, akachora kwanza na kukata chuma baadaye, mpe baraka zako. Huenda majirani watano wakamwita kabla mwezi haujaisha. Lakini kama anataka kuanza na sahani ya kisiki wiki hii, mkatalie. Mkaratusi utazidi kuchipuka, ndiyo, lakini kidole kikikatika hakichipuki tena.