Nukta mbili, miraba mitatu

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari huko Mabalako, wilayani Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hufanya mtihani uleule wa taifa, Exetat, anaoufanya mwenzake wa Kinshasa. Lakini miaka yao ya masomo haifanani hata kidogo. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulianzia Mangina, humohumo Mabalako, na haukutangazwa kwisha hadi tarehe 25 Juni 2020. Wakati wote huo mashambulizi ya waasi wa ADF yaliendelea kuwahamisha watu. Anayekimbia usiku haendi na daftari la fomula. Tumfundishe basi kile kisichopotea na daftari.

Chukua swali la mraba. Umepewa nukta A(1, 2) na B(4, 6). Tafuta vipeo vilivyobaki. Wengi hukimbilia fomula ya umbali, wakapata 5, kisha wakakwama. Fomula imewapa urefu wa upande, haikuwaambia upande wa pili unaelekea wapi.

Njia ya uhakika ni kutazama safari. Kutoka A kwenda B unakwenda kulia 3 na juu 4. Igeuze safari hiyo robo mzunguko: namba hubadilishana nafasi na moja hubadili alama, ikawa kushoto 4 na juu 3. Anzia B, ufike C(0, 9). Anzia A, ufike D(-3, 5). Ukigeuza upande wa pili, kulia 4 na chini 3, unapata mraba mwingine: C(8, 3) na D(5, -1). Yote miwili ina eneo la 25.

Hapo ndipo mtego ulipo. Swali likisema A na B ni vipeo vinavyokabiliana, AB ni ulalo, si upande. Anzia katikati yake, (2.5, 4), ugeuze nusu ya safari: vipeo ni (0.5, 5.5) na (4.5, 2.5), na eneo ni 12.5. Katika mtihani wa kuchagua majibu, 25 huweza kuwekwa palepale kumsubiri aliyesoma haraka. Tena swali limeandikwa kwa Kifaransa, ilhali wengi nyumbani huzungumza Kinande na Kiswahili.

Kwa hiyo mwalimu asitoe fomula kabla ya mchoro. Atoe nukta mbili, adai miraba yote mitatu, na kila mwanafunzi aeleze kwa lugha anayoimudu kwa nini ni mitatu. Anayeweza kueleza hivyo ataijenga fomula upya mwenyewe, hata kama shule yake imefungwa miezi mitatu.