Mbogi ya Baton Rouge: gemu 15, zote wakachapa

Wasee wa Kanairo tukibonga ball ni Gor, Ingwe, Arsenal na United. Fiti. Leo wacha niwapee risto ya ile ball ya mkono ya Marekani, ya helmeti na mabega yamefura, na hata si ya ligi ya kulipwa. Ni ya chuo. Louisiana State University, LSU kwa ufupi, msimu wa 2019. Waliingia gemu 15, wakachapa zote 15, na mimi naamini hakuna mbogi ya campo imewahi kuiva hivyo.

Rules chapchap: uko na nafasi 4 za kusongesha ball yadi 10. Ukifika, unapewa zingine 4. Ukikwama, ball inaenda kwa wale wengine. Msee wa kusoma rada na kurusha anaitwa kwotabeki. Mchezaji akivusha ball kwa laini ya goli, hiyo ni tachidauni.

Sasa twende Austin, Septemba 7, 2019. LSU wako kwa mji wa wapinzani, chuo cha Texas, wanaongoza 37-31, imebaki dakika mbili na kitu. Ni nafasi ya tatu na bado wanadaiwa yadi 17. Makochi wengi hapo wanacheza na uoga: pea mtu ball akimbie, kula dakika, omba mabeki washike. LSU wakadinda. Texas wakatuma wasee kibao wamkujie kwotabeki wa LSU, Joe Burrow, mbio mbio. Burrow akaona ngori inakuja, akasonga hatua mbele, akachomoa pasi katikati ya uwanja. Mwenzake Justin Jefferson akadaka, akageuka, akatoka nduki hadi mwisho. Yadi 61. Watu karibu laki moja wakanyamaza jii. Ikaisha 45-38, na Marekani yote ikaanza kuuliza hawa ni nani.

Burrow alikuwa ametoka mbali. Amelelewa Athens, kusini mashariki mwa Ohio, place doh ni ngumu. Alianza Ohio State, chuo kubwa ya kwao, akachoma benchi. Ukihesabu pasi zote alirusha huko ni 39. Akamaliza digrii yake, akafunga begi, 2018 akasepa Baton Rouge. Mwaka wa kwanza alitupa pasi 16 za tachidauni, kawaida tu. Mwaka wa pili akatupa 60, na kwa ligi ya juu ya vyuo hakuna mtu alikuwa amefika hapo. Fathe yake, Jimmy, alikuwa kochi wa hiyo ball. Aliacha wera mwanzo wa 2019 ndio asikose kucheki kijana wake akicheza. Hiyo part hunigusa kila mara.

Na si kijana tu aliwaka, mfumo wote ulibadilishwa. LSU walijulikana kwa kazi ya mabavu: peana ball, gongana, kanyaga. Kochi Ed Orgeron akaona hiyo kitu imezeeka, akaleta chali wa miaka 29, Joe Brady, kutoka timu ya kulipwa ya New Orleans Saints. Brady na kochi mwenzake Steve Ensminger wakatawanya wasee uwanja mzima, wakampea Burrow uhuru wa kuchagua. Huku Jefferson, huku Ja'Marr Chase. Ukiweka mabeki wawili kwa mmoja, huyo mwingine anakumaliza. Ukiwafunika wote, ball anapewa Clyde Edwards-Helaire, chali mfupi wa hapo hapo Baton Rouge, na kumwangusha ni balaa.

Orgeron naye ni mtu wa Larose, chini kabisa Louisiana, na sauti yake imekwaruza kaa ya konda wa mathree saa nne usiku. Chuo cha Ole Miss walimfuta. Chuo cha USC akawashikia timu kwa muda, kazi ya kudumu wakapea mtu mwingine. Hata LSU, 2016, walimpea kwanza ya kushikilia tu. Ndio maana Novemba 9, walipochapa Alabama 46-41 huko kwao Tuscaloosa, ilikuwa zaidi ya gemu. Alabama walikuwa wamewachapa mara 8 mfululizo!

Desemba 14 Burrow akashinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Mbele ya kamera, machozi yakimtoka, akaanza kubonga kuhusu watoto wa Athens wanaotoka shule wakifika kwao hakuna dish ya maana. Msee mmoja wa huko akafungua mchango, akitafuta dola 1,000. Kwa siku chache ilikuwa imepita 400,000.

Na tukifika kwa mambo ya doh, hapo ndio mimi hukasirika. Uwanja wa LSU unabeba watu 102,321, Kasarani haioni ndani. Tiketi zinauzwa, TV zinalipa, makochi wanaweka mamilioni ya dola kwa mfuko. Machali wenyewe, wale wanavunjika magoti? Karo, dish, keja na doh kidogo ya matumizi, basi. Kulipwa ilikuwa marufuku. Waliruhusiwa kuuza jina na picha zao Julai 2021, na wengi wa hii mbogi walikuwa washatoka. Hiyo ilikuwa kunyonya vijana, na sioni jina lingine la kuipea.

Turudi uwanjani. Desemba 28, nusu fainali ya ubingwa wa vyuo na Oklahoma, asubuhi hiyo mke wa mtoto wa Ensminger akafa kwa ajali ya ndege. Mzee akakaa kwa kiti chake akafanya kazi. Burrow akatupa tachidauni 7 kabla ya mapumziko, ikaisha 63-28.

Fainali ilikuwa Januari 13, 2020, New Orleans, huku kwetu ishafika alfajiri ya tarehe 14. Clemson walikuwa hawajapoteza gemu 29. Wakaongoza 17-7. Halafu Chase akaanza kupita beki wake kaa hayuko, akamaliza na yadi 221, na LSU wakabeba 42-25.

Aprili ligi ya kulipwa ikachukua wachezaji 14 wa LSU, Burrow akiwa namba moja, akaenda Cincinnati. Brady pia akasepa. Msimu uliofuata LSU wakashinda 5, wakapoteza 5, na watu wakawacheka. Mimi sikucheka. Ball ya campo iko hivyo: wakiiva, wanaenda. Chase alimfuata Burrow Cincinnati 2021, na msimu huo wakafika Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa. Jefferson anachezea Minnesota. Ukitaka kuwaona wote watatu wakiwa upande mmoja, chota bando, anza na hiyo gemu ya Texas.